Nguvu Zisizorudi kwa Usingizi

Pwaa! Saa nane za usiku bakuli la uji lilimponyoka Victor, na Edina, aliyekuwa akinyonyesha, akamwona mumewe amesimama anautazama mkono wake kana kwamba ni wa jirani. Mkono uliobeba magunia ya kahawa miaka sita! Ilikuwa siku ya nne hajaenda kazini. Edina alikuwa ameeneza habari kwamba kaenda msibani kijiji cha Mapera, maana pale kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa ukisikika unaumwa, asubuhi Hamphrey mnyapara anaita jina la mwenzako. Kulipokucha akabeba birika, mtoto mgongoni, akaenda kwenye benchi la nje ya geti anakowauzia wapakiaji kahawa. Walikuwa wameshafika wawili: Winchi, mpakiaji mkongwe, na Profesa, aliyeishia darasa la saba lakini ana majibu ya vyuo vyote.

— Shikamoo, babu Winchi.

— Marahaba, mama Otilia. Mimina, mabega yamekufa ganzi.

— Eti, akasema Edina, akijifanya anafuta vikombe, mtu akichoka, nguvu zinakwenda wapi?

— Zinashuka miguuni, Profesa akadaka. Ndiyo maana mchovu anaburuta miguu.

— Fiksi hizo! Winchi akasema. Nguvu ni mafuta. Mkavu kama wewe unatembea na tangi tupu.

— Samaki mkunje angali mbichi, mzee. Msuli ukikunjwa sana unakatika, kama dagaa usipa wa juzi.

— Methali hiyo ya kulea watoto, bwege we!

— Kwani msuli si mtoto wa mwili?

Edina akashindwa kuvumilia. Kidato cha nne alipata B ya biolojia.

— Sivyo, tulifundishwa, ndani ya msuli kuna nyuzi nene na nyembamba, amri ikitoka kichwani kalsiamu inamwagika, basi zile nene zinazikamata nyembamba, zinavuta, zinaachia, zinakamata tena mbele kidogo, kama watu wanaovuta wavu kule Mbamba Bay, na kila mvuto unakula nishati, hata kuachia kunataka nishati, maiti anakakamaa kwa sababu hana ya kuachilia, na ukifanya kazi mno kalsiamu inatoka kidogo, taka zinajaa, mvuto unalegea, lakini ukila, ukilala, nguvu zinarudi. Zinatakiwa zirudi!

— Umetaja maiti hata jua halijatoka, Winchi akanung'unika.

— Vitabu hivyo havijui mila za Umatengo, Profesa akasema. Kinachommaliza mwanaume ni ngolo, yale mashimo ya shambani! Yeye kazi yake kufyeka majani. Mashimo anachimba mama. Akishika jembe la mkewe, nguvu zinahamia kwa mke. Mtazameni mama Otilia alivyojaa mikono!

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Edina hakucheka. Mwezi wa tatu, mshono wa uzazi ukiwa bado unavuja, Victor alimchimbia ngolo zote za mteremkoni, kila jioni akitoka kubeba magunia, akijificha majirani wasimcheke. Kumbe walimwona. Na kama ni kweli? Alijua si kweli. Alijua, na bado akaitazama mikono yake.

— Basi niambie, Profesa, akasema, maneno yakisukumana mdomoni, mtu amelala siku nne, anakula, hana homa, hana jeraha, na bado kijiko kinamshinda, mguu nao umeanza, huo ni uchovu gani?

Profesa akajishughulisha na kikombe chake. Winchi akaangalia chini. Ndipo Edina akagundua kwamba hawamkwepi yeye. Kuna mtu nyuma yake.

— Na msiba wa Mapera leo siku ya nne, Hamphrey akasema. Au nimekosea, shemeji?

Mtoto akaanza kulia mgongoni, na Edina akamtikisatikisa, bure tu.

Hamphrey akaketi, akajimiminia mwenyewe, akafungua daftari la majina juu ya goti. Kalamu ikapiga mstari juu ya jina la Victor, taratibu, bila hasira.

— Mpeleke hospitali leo hii. Huo si uchovu.

— Nitampeleka, lakini nakuomba, kaka Hamphrey, akipona je? Wanyapara wengine wakisikia, hakuna geti litakalompokea tena mji huu!

— Ondoa hofu, akasema, akipuliza kahawa. Habari hii imeishia kwangu. Simwambii mtu mwingine.