Mama Kauli na Fomu ya Kurasa Mbili

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka mkalimani wa mahakama. Alifanya kazi hiyo miaka ishirini na sita, kwa lugha tatu. Tulimzika mwezi uliopita. Wenzake walimwita Mama Kauli, nami nitamwita hivyo.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe, maana wapo waliotumwa kuielewa na hawakuielewa. Mkalimani wa mahakama hasemi "mshtakiwa anasema aliiba." Husema "niliiba." Hutamka maneno ya mwenzake kama yake, bila kupunguza wala kupamba. Akilazimika kusema lake mwenyewe, hujiita mkalimani: "Mheshimiwa, mkalimani hakusikia." Ndiyo kanuni. Karani aliyefanya kazi naye miaka kumi na minne anasema hakuwahi kumsikia akiivunja.

Nyumbani waliigeuza utani. Mdogo wake, fundi seremala, alikuwa akimpokea mlangoni kwa kumuuliza, "Dada, leo umeiba nini?" Naye hujibu huku akivua viatu, "Baiskeli mbili, na nimekana zote."

Miaka mitatu iliyopita aliomba jambo moja. Jambo moja tu: mkalimani wa pili, wapokezane kila nusu saa. Hakulalamika. Alimwomba karani ahesabu makosa yake kwa wiki mbili. Nusu saa ya kwanza, kosa moja au hakuna kabisa. Akishasimama saa tatu mfululizo, makosa tisa. Hesabu hiyo aliiambatanisha na barua, akaandika kwamba kosa moja kati ya hayo tisa linatosha kumfunga mtu maisha.

Wakubwa wakajibu kwamba kazi yake ifanyiwe tathmini kwanza. Akaja mtathmini na fomu ya kurasa mbili. Fomu iliuliza ni barua ngapi huchapwa, mafaili mangapi hubebwa, wageni wangapi hupokewa. Sufuri, sufuri, sufuri. Mtathmini alikaa benchi la nyuma dakika arobaini, kesi ya wizi wa dukani ikiendelea. Mshtakiwa alikuwa akinong'ona kizimbani. Sauti iliyofika nyuma ni ya Mama Kauli peke yake. Nakala ya fomu hiyo ninayo hapa mezani. Sehemu ya maoni inasema, nanukuu: "Mtumishi huzungumzia mambo yake binafsi kazini. Amekiri wizi. Ichunguzwe."

Msikimbilie kucheka. Fomu hiyo ilipita mikononi mwa watu wanne, na wote wanne wakatia saini. Mama Kauli akawekwa daraja moja na wahudumu wa jumla. Na mhudumu wa jumla, likasema jibu, hahitaji mtu wa kupokezana naye. Alikata rufaa mara mbili. Mara zote mbili aliambiwa tathmini imefungwa.

Binti yake, muuguzi, alimsihi astaafu. "Nilimwambia, mama, shinikizo la damu halisubiri majibu ya barua. Akaniuliza, 'Nikiondoka leo, kesho yule aliyeko mahabusu atasemewa na nani?' Nikampa dawa zake, akaenda kazini."

Siku yake ya mwisho kazini ilikuwa ya kesi ya mauaji. Alisimama peke yake kwa muda wa saa nne na dakika ishirini. Kumbukumbu za mahakama zinaonyesha alijirekebisha mara kumi na moja. Kisha akashika ukingo wa meza, akasema, "Mheshimiwa, mkalimani hawezi kuendelea." Hakimu alidhani anaomba maji. Alifia hospitalini siku ya tatu.

Sisemi fomu ilimuua. Daktari aliandika kiharusi, nami sina la kuongeza hapo. Nasema hivi: aliomba mtu mmoja, akaeleza sababu kwa tarakimu, akajibiwa na watu wasiojua anafanya kazi gani.

Kwa mdogo wake, kwa binti yake, na kwa wote waliowahi kusemewa naye wakasikika, poleni sana.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, naomba mtafakari jambo moja. Kesi ile ya mauaji ilitajwa tena wiki iliyopita, bila mkalimani. Mshtakiwa alisimama, akamtazama hakimu, akaongea kwa lugha yake karibu dakika nzima. Nimeisoma kumbukumbu ya siku hiyo. Imeandikwa: mshtakiwa hakusema kitu.