Jina la Hewani la Baba Mkubwa

Benchi letu limeegemea ukuta wa kibanda cha Fundi Waya, mtengeneza redio na feni. Kahawa hutuletea mkewe, na kwa kawaida anakuta ubishi umeshaanza. Asubuhi ile alitukuta, mimi na Kinyozi wa kibanda cha jirani na wenzetu, tumemkodolea macho Fundi. Fundi alikuwa ameshika fomu ya leseni ya redio ya upepo, ile ya kuongea na watu wa mbali. Mtihani kafaulu, kilichobaki ni kuandika jina la hewani, yaani namba na herufi atakazojitambulisha nazo, na ofisi inapokea fomu mwisho saa sita mchana. Alikuwa ameomba jina la marehemu baba yake mkubwa, aliyemfundisha kazi na kumwachia mtambo: Saba Z K. Ofisi ikamjibu liko wazi, alichukue, au achukue jipya walilompangia. Sasa kalamu anaizungusha tu vidoleni, na kahawa kaipiga kiwiko ikamwagikia kandambili zangu.

Mimi: Andika basi, bwana! Unangoja tukushikie kalamu?

Fundi: Siwezi. Kuna mtu anamwita.

Kinyozi: Anamwita nani?

Fundi: Marehemu. Tangu nimeuwasha ule mtambo wiki iliyopita, kila siku saa nne asubuhi, sauti ya mzee mmoja: "Saba Z K, upo?" Mara tatu. Anasikiliza, anaita tena. Naogopa, jamani.

Mimi: Si umjibu?

Fundi: Bila jina hairuhusiwi. Kusikia ruksa, kujibu marufuku. Nakaa pale na maiki mkononi, naiweka chini tena.

Bwana Uhakika, karani mstaafu ambaye hatujawahi kumsikia akisema "sijui", akaweka kikombe chini.

Uhakika: Hayo ni mawimbi tu. Sauti inazunguka dunia, inarudi. Hiyo ni ya mwaka juzi.

Kinyozi: Ya mwaka juzi, halafu inajua saa nne imefika? Mimi nimeshanyoa marehemu wawili, nawaambieni, hawana haraka ya kuondoka. Mzee kabaki ndani ya mtambo, anajiita mwenyewe.

Fundi: Usiseme hivyo! Nalala nao chumba kimoja!

Uhakika: Afadhali ingekuwa hivyo. Wako watu kazi yao kuwatafuta hewani waliokufa. Ukijibu kwa jina la marehemu, wanaandika kwamba aliyekufa ni wewe.

Kinyozi: Wanaandika wapi?

Uhakika: Huko wanakoandika.

Kinyozi: Ndiyo maana! Kuna bwana mmoja alirithi jina hivi hivi. Wiki ya pili akaamka anakohoa kikohozi cha marehemu. Mkewe akakimbilia kwao hata viatu hakuvaa.

Nilicheka, nikajikuta nacheka peke yangu. Na mimi niliogopa, sifichi. Kile kikohozi cha mzee nilikifahamu vizuri, tulikaa naye benchi hili hili miaka tisa.

Mama mmoja aliyekuja kuchukua feni yake alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo, mkoba kwapani. Hatukumjua.

Mama: Samahani, baba zangu. Mzee wenu amefariki lini?

Fundi: Mwaka na miezi miwili sasa, mama.

Mama: Na huyo anayemwita, nani amemwambia?

Msiba ule tuliutangaza mtaa mzima, ndugu walipigiwa simu, hata waliogombana naye walikuja kuzika. Hewani hakutangaza mtu.

Mama: Basi huyo anayeita ana hofu kuliko ninyi, maskini. Nipe feni yangu, mwanangu, niwahi.

Fundi akamletea feni, akasahau hata kuijaribu mbele yake. Aliporudi akaiweka fomu gotini, lakini Saba Z K hakuiandika. Akaandika lile jipya walilompangia ofisini, herufi ambazo hazijawahi kuwa za mtu.

Kinyozi: Umeliacha? Si ulililia mwenyewe?

Fundi: Nikimjibu kwa Saba Z K, atafurahi kwanza. Atadhani rafiki yake amerudi. Halafu mimi nimwambie nini?

Kinyozi akanyanyua birika, akamjazia Fundi kikombe.

Fundi: Nyie si mnajua yote? Nisaidieni. Nianze na neno gani?