Domitila Kabula, Aliyehesabu kwa Matofali

Padre, ndugu, majirani wa Somanda, na ninyi mliotoka Ngulyati na Mkula, kabla hatujaupakia mwili wa mpendwa wetu kwenye gari, sisi wa familia tungependa kuwasimulia alikotoka, alivyoishi na jinsi alivyotutoka, nanyi mtuvumilie tutakapotaja mambo madogomadogo, kwa sababu maisha yake yalijengwa kwa mambo hayo.

Domitila Kabula Ndalahwa alizaliwa tarehe 11 Februari 1979 huko Ngulyati, Bariadi, wakati huo ikiwa bado Mkoa wa Shinyanga, akiwa mtoto wa pili wa mzee Ndalahwa na mama Mboje, ambao wote wametangulia, na aliitwa Kabula kwa kuwa mvua ilinyesha asubuhi hiyo baada ya wiki nyingi za jua. Mama yake alimfundisha mapema kukata viazi vitamu vipande vyembamba na kuvianika juu ya mwamba hadi viwe michembe, na kuanika majani ya kunde yawe nsansa, ili miezi ya njaa ikifika nyumba isilale bila chakula, naye akayashika mafundisho hayo kuliko ndugu zake wote, hata kaka yake Athanasi hasahau kwamba ukimpa Kabula kipande cha muwa alikula nusu, akaificha nusu, na kesho yake akaja kuitafuna mbele yako wewe uliyekwisha kumaliza chako.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1988 katika shule ya msingi ya kijijini kwao na kuhitimu darasa la saba mwaka 1994, akiwa mwanafunzi mtulivu, mwenye mwandiko mdogo sana, kwani aliandika mistari miwili mahali ambapo wenzake waliandika mmoja ili daftari lifike mwisho wa mwaka, na alipochaguliwa kuendelea na sekondari, pamba ya mwaka huo ilikosa bei, wazazi wakatazamana, na nafasi ile ikapita.

Tarehe 27 Novemba 1999 alifunga ndoa takatifu na Paschal Mayige, mkulima na mfugaji wa Mkula, na Mungu akawajalia watoto watatu, Martha aliyezaliwa mwaka 2001, Danford mwaka 2004 na Januarius mwaka 2007, wakalima pamba na mpunga, wakaishi vizuri, mpaka Paschal alipofariki kwa homa tarehe 19 Mei 2010. Baada ya matanga wazee wa ukoo walikaa, wakamtaka arithiwe na shemeji yake kama desturi ilivyo, yeye akasema kwa heshima kwamba hataweza, nao wakamjibu kwamba basi nyumba ni ya ukoo na ng'ombe ni wa ukoo, akatoka na watoto wake watatu, jembe moja, sufuria mbili na godoro. Hatusemi haya ili kumlaumu mtu, ndugu wa Mkula wapo hapa leo na tumesalimiana, tunayasema kwa sababu asiyejua siku ile hawezi kuelewa kwa nini marehemu aliishi kama alivyoishi.

Alifika hapa Somanda mwezi Juni 2010, akapanga chumba kimoja, na tangu hapo kazi yake ilikuwa kuchambua pamba kiwandani wakati wa msimu, na msimu ukiisha kuuza michembe, nsansa na dagaa sokoni Bariadi, kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na mitano bila kupumzika isipokuwa Jumapili. Alihama vyumba mara nyingi, mwenye nyumba mmoja alipandisha kodi, mwingine alitaka chumba kwa ajili ya kijana wake, wa tatu alichukizwa na viazi vilivyoanikwa juu ya bati lake, na mwaka 2013, Januarius akiwa darasa la kwanza, mwalimu aliwaambia watoto wachore nyumbani kwao, yeye akachora mkokoteni wenye godoro na sufuria juu yake. Domitila alipoonyeshwa mchoro ule alicheka mbele ya mwalimu, akasema kweli mwanangu anajua kuchora, lakini kesho yake akaanza kuulizia viwanja, kwani alikuwa ameamua kwamba kabla hajafa watoto wake watakuwa na mlango wao wenyewe, ambao hakuna mtu atakayeweza kuwatoa ndani yake.

Kiwanja hiki tulichokalia alikinunua mwaka 2014, na kuanzia siku ile hakuhesabu tena kwa shilingi, alihesabu kwa matofali. Sukari kilo moja kwake ilikuwa tofali thelathini, kwa hiyo chai yake ilikuwa na chumvi kidogo, majani ya chai aliyachemsha, akayaanika, akayachemsha tena, sabuni ya mche aliikata kwa uzi vipande vya wiki, na mkaa uliobaki na moto aliufunika kwa majivu ili ufanye kazi kesho yake. Pikipiki kutoka sokoni ilikuwa tofali kumi, hivyo alitembea akiwa na gunia kichwani, na vijana wa bodaboda pale kijiweni walimzoea, wakimsalimu kila siku kwa Kisukuma, "Mwangaluka mayu, panda twende," naye akiitikia, "Mwangaluka wanangu, nitapanda kesho," mpaka wakambatiza jina la Mama Kesho, na akipita walisema kwa sauti asikie, "Mwacheni huyo, pikipiki yake inakuja kesho," naye alicheka pamoja nao akaendelea kutembea.

Msifikiri kwamba nyumbani kwake kulikuwa na huzuni. Siku ya kipaimara cha Danford alinunua soda moja, akaigawa katika vikombe vitatu, na watoto walipomwuliza mbona yeye hanywi, alisema, "Ladha ya soda naijua tangu zamani, haijabadilika," na Danford alipokua na kuanza ukorofi wa vijana alimwuliza, "Mama, hata pumzi zetu unazihesabu?" naye akamjibu, "Pumzi ni bure baba, vuta mpaka ushibe." Jumapili baada ya misa aliwaleta hapa kiwanjani, akawapanga, Martha chumba hiki, wavulana chumba kile, yeye atalala sebuleni kwa sababu mtu mzima hahitaji chumba, na walikuwa wanakula michembe yao juu ya msingi kama watu waliokwisha kuhamia. Msingi ulikamilika mwaka 2017, kuta zikapanda kozi kwa kozi, mstari mmoja wa matofali juu ya mwingine, kila mwisho wa msimu wa pamba, na mwezi Septemba 2024 nyumba ilifika usawa wa linta, juu ya milango na madirisha, kama mnavyoiona, ikibaki kupauliwa.

Kuhusu ugonjwa, marehemu alipimwa kwa mara ya kwanza tarehe 14 Machi 2019, baada ya kichwa kumuuma kwa wiki mbili, akaambiwa ana shinikizo la damu na kwamba dawa atakazopewa ni za kila siku, za maisha yote. Alizipokea kwa adabu, akauliza bei, na alipofika nyumbani akapiga hesabu yake ileile, akaona dawa za mwezi mmoja ni kozi nzima ya ukuta wa chumba cha Martha. Hakuziacha, maana hakuwa mtu wa kudharau maneno ya daktari, ila alichukua wembe, akakikata kila kidonge katikati, akawa anameza nusu asubuhi na kuiweka nusu kwa ajili ya kesho, na dawa za mwezi mmoja zikamfikisha miezi miwili. Jirani yake Nyanjige, ambaye ndiye aliyekuwa akimwazima moto na kinu, alimkuta siku moja akikata, akamwambia, "Wewe mama Martha, dawa siyo viazi, hazikatwi vipande," naye akamjibu, "Nakunywa Nyanjige, si unaona nakunywa, nikishapaua nitakunywa kizima." Ndugu zangu, alikuwa ameishi maisha yake yote kwa kugawa kitu kimoja kikatosha mahali pa viwili, viazi vilikubali, sabuni ilikubali, madaftari yalikubali, na hakukuwa na sababu yoyote machoni pake ya kudhani kwamba mwili wake utakataa.

Siku ya Jumanne tarehe 8 Julai 2025, mchana, akitoka sokoni na gunia lake, alianguka barabarani karibu na kijiwe cha bodaboda, mkono na mguu wa kulia vikiwa vimelegea na mdomo umekwenda upande, na vijana walewale wakambeba, mmoja akiendesha na mwingine akimshikilia kwa nyuma, wakamfikisha hospitali bila kudai nauli, na hiyo ndiyo mara ya kwanza Domitila kupanda pikipiki katika mji huu. Madaktari walisema ni kiharusi, wakampa huduma ya kwanza, na baada ya siku tatu akapelekwa hospitali ya rufaa Mwanza, ambako akiba yake yote aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya mabati ilikwisha ndani ya wiki moja.

Tarehe 24 Julai 2025 kaka yake Athanasi na Martha walipata mnunuzi wa kiwanja pamoja na kuta hizi, Bwana Machibya, lakini hati ilikuwa kwa jina la Domitila na ilihitaji dole gumba lake. Hakuweza kusema, ila masikio na akili vilikuwa vizima, na Martha alipoinama akamweleza taratibu kwamba ni lazima mama, bila hivyo hospitali hawataendelea, aligeuza uso, mkono wake wa kushoto, ambao ndio pekee uliokuwa na nguvu, akaukunja ngumi na kuubana kifuani. Walimsihi kwa saa nzima, Athanasi akasema, "Kabula, nyumba utajenga nyingine," naye alimtazama kaka yake kwa namna ambayo Athanasi hapendi kuieleza, na mwisho Martha, akilia, aliufungua mkono ule kidole kimoja kimoja, akalipaka gumba wino na kuligandamiza kwenye karatasi. Tunalitamka hili mbele yenu ili asije mtu baadaye akamwambia Martha kwamba aliuza nyumba ya mama yake, aliuza kwa kuwa alitaka mama apone, na sisi wakubwa tulikuwa tumesimama palepale.

Hakupona. Tangu siku ile alikataa uji, akifunga mdomo kila kijiko kilipokaribia, ikabidi alishwe kwa mpira, alipata homa ya mapafu mwanzoni mwa Agosti, fedha za kiwanja zikafuata zile za mabati, na alfajiri ya Jumapili tarehe 17 Agosti 2025, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita, Domitila Kabula alifariki dunia, Martha akiwa kando yake. Ameacha watoto watatu, Martha ambaye ameshika meza ya mama yake sokoni, Danford anayetafuta kibarua, na Januarius ambaye yupo kidato cha sita, na chumba walichopanga kodi yake inaishia mwezi huu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hapa Bariadi na wa Mwanza waliomhudumia mpendwa wetu hadi pumzi ya mwisho, inawashukuru wafanyakazi wenzake wa kiwandani na akina mama wa sokoni waliochanga, inamshukuru Nyanjige aliyewapikia watoto siku zote hizi, na vijana wa kijiweni, tunajua ninyi ndio mliolipa mafuta ya gari litakalompeleka Ngulyati leo, tarehe 20 Agosti, akazikwe karibu na wazazi wake, Mungu awabariki. Kwa namna ya pekee tunamshukuru Bwana Machibya, ambaye angeweza kutukatalia na hakutukatalia, ameturuhusu kufunga turubai juu ya kuta zake na kuomboleza ndani yake hadi Jumamosi, siku ambayo mafundi wake wataanza kupaua, hivyo tunawaomba wote wenye viti na vyombo waje wavichukue kabla ya hapo.

Mahali kama hapa watu hutoa ahadi kwa marehemu, kwamba watoto wako tutawajengea, kazi uliyoiacha tutaimaliza, nasi familia tulikaa jana tukatazama tulicho nacho, Athanasi ana shamba lililokosa mvua misimu miwili, wengine ni kama hivyo, hatukupata la kuahidi. Watoto wako umewalea vizuri, Domitila, wanatafuta chumba, na sisi hatutakudanganya leo, wewe ambaye hukumdanganya mtu hata kwa kipimo cha dagaa.

Pumzika kwa amani.