Fungu la Mkonge

Ndani ya Kosta iliyotoka Handeni, mama mmoja alikuwa akimlalamikia mzee jirani yake. "Mafungu mawili ya vijiti, toa vijiti vinane. Binti yangu kaandika hamsini na mbili, mwalimu wao mpya kamkosesha!"

"Si kumi na mbili, mama? Fungu la shule ni kumi."

"Mimi nakata mkonge, mzee wangu. Fungu letu ni majani thelathini, na yeye ndiye hunihesabia. Kuna aliyemuuliza? Sasa shule hataki hata kuisikia."

Kiti cha mbele yao, Mwalimu Stefania alihisi kimeota miba. Kosa lile aliliweka yeye, kwa wino mwekundu.

Mama akamgusa bega. "Eti dada, hapo nani kakosea?"

"Korogwe, mwisho wa gari!" konda akapaza sauti.

Stefania alikuwa wa kwanza kushuka.