Madam Phyllis Kathambi, Mashine Nne na Barua Moja ya Onyo

Baada ya miaka thelathini na sita na miezi minne ya kazi, Madam Phyllis Kathambi, mpiga chapa na baadaye mtunza kumbukumbu wa Chuo cha Ufundi cha Kianjuki, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 2019. Kamati ya sherehe imeniomba niandike kwa furaha. Nitajaribu, ingawa yeye amechoka, mimi nimechoka, na hata kompyuta anayoiacha mezani huchukua dakika saba kuwaka.

Aliajiriwa Februari 1983, akitembea kwa miguu kutoka kwao Runyenjes, akakabidhiwa taipureta ya chuma iliyohitaji watu wawili kuihamisha. Herufi ya K ilikuwa inakwama. Kwa majina ya huku kwetu hiyo ni adhabu: kila Kithaka, Kiambi na Karambu alisubiri Madam aikwamue kwa kucha. Mitihani aliichapa kwenye stensili, kisha akazungusha mkono wa mashine ya kunakili mpaka bega likafa ganzi.

Kompyuta ya kwanza ilifika mwaka 1989, zawadi ya wafadhili. Skrini nyeusi, maandishi ya kijani, kipanya hakuna. Ilipewa chumba chake chenye pazia, zulia na kufuli, na mkuu wa chuo mwenyewe hakuwa na zulia. Mchungaji aliiombea, nasi tukawa tunavua viatu mlangoni. Madam alipelekwa Nairobi wiki mbili, akarudi na daftari la amri za kukariri. Kwa miaka mitatu, kila jioni baada ya saa za kazi, aliingiza matokeo ya kila mwanafunzi tangu chuo kifunguliwe. Yote yalikaa katika disketi arobaini na moja, zile pana na nyembamba zilizokuwa zikipinda ukizishika vibaya. Habari ya kuweka nakala za akiba hatukuwa tumeisikia.

Hapa inabidi niingie mwenyewe. Julai 1992 nilikuwa mtunza stoo, niko kwenye majaribio ya miezi sita, na mtoto wangu wa kwanza alikuwa na wiki tano. Madam alikwenda Embu mjini kuchukua karatasi, akaniachia ufunguo nipitishe hewa chumbani, jambo ambalo kanuni zilikataza. Mnaijua Julai yetu, manyunyu mpaka viatu vinaota kuvu. Nilifungua sanduku la disketi nikaona madoa meupe. Mimi ni mtoto wa mkulima wa kahawa, na kwetu kitu kikishika unyevu kinaanikwa. Saa nne asubuhi jua lilipopenya mawingu, nilizipanga zote kwenye meza za kuanikia kahawa za shamba la chuo, nikakaa kando kufukuza kuku.

Madam alirudi saa tisa. Disketi zilikuwa zimejikunja kama majani makavu ya mgomba. Aliokota moja, akaniuliza, "Na hizi, ulizigeuza?"

Nilimjibu kwamba nimezigeuza mara mbili. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi, halafu akalia. Jioni zake za miaka mitatu zilikuwa zimekwenda, na huko ofisini kulikuwa na watu wanaosubiri vyeti.

Mkuu wa chuo alipouliza nani amefanya hivi, Madam alinitangulia kujibu, akasema ufunguo ulikuwa chini yake na kosa ni lake. Nilimfuata baadaye nikamwambia nataka kukiri.

"Salesio, wewe watakufuta kesho," akasema. "Mimi hawawezi, hakuna mwingine anajua kuwasha hii kitu. Enda ulee mtoto."

Kweli hakufutwa. Alipewa barua ya onyo, na kwa kuwa chuo kilikuwa na mpiga chapa mmoja, aliichapa mwenyewe, bila kosa, akaipeleka ikasainiwa, akaiweka katika faili lake. Kisha akayarudia yale matokeo yote kutoka kwenye madaftari ya mkono. Ilimchukua miezi kumi na minne.

Mwaka 1997 zikaja kompyuta zenye rangi na kipanya. Madam ndiye aliyewafundisha walimu. Mwalimu Hezekiah alisukuma kipanya mpaka ukingo wa meza, akaomba aletewe meza nyingine. Mwaka 1999 watu walipotangaza kwamba mashine zote zitasahau tarehe usiku wa mwaka mpya, Madam alichapisha kumbukumbu zote kwenye karatasi, marobota kumi na manane. Januari mashine ziliwaka kama kawaida. Mwaka 2011 ukaja mtandao pamoja na mashine nyingine mpya. Kila mara aliambiwa kazi sasa itapungua, na kila mara alianza upya na majina yale yale.

Aliomba cheo cha karani mkuu mara tatu. Mara zote tatu jopo lilifungua faili, likakuta onyo, likamchagua mtu ambaye Madam mwenyewe alimfundisha kuwasha kompyuta. Mimi nilithibitishwa kazini, nikapandishwa cheo mara mbili, nikanyamaza. Mwanzoni niliogopa. Baadaye nilizoea tu, na hilo ndilo linaloniaibisha zaidi.

Mwezi uliopita niliiandikia bodi, nikaomba barua ile iondolewe. Nilijibiwa kwamba faili la anayestaafu hufungwa jinsi lilivyo. Basi nasema hapa, katika nakala mia tatu za programu hii ya sherehe, mbele ya watoto wake Mutegi na Kathure: disketi nilizianika mimi, Salesio Njura, na Madam Phyllis hakukosea.

Madam, nilipaswa kusema haya wakati yangekufaa. Nisamehe. Chuo kizima kinakushukuru, na tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, na miaka mingi ambayo hakuna mtu atakayekuambia uanze upya.