Sajini Nathani Kioko, Mwenyekiti wa Maisha wa Chama cha Kuzikana cha Skuta (1921–1984)

Marehemu Sajini Nathani Kioko alizaliwa mwaka wa 1921 karibu na Mwala, Machakos, mtoto wa tano wa Mzee Mbithi na Mama Kalondu. Mimi ninayesoma ni Tryphosa, kifungua mimba wake. Mama ameniomba nisome mazuri peke yake. Mama, unisamehe, nitasoma yaliyokuwa.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, kisha akachunga ng'ombe wa babake. Mwaka wa 1940 aliandikishwa katika Keya, jeshi la Waingereza la askari Waafrika, akapigana Burma, akarudi na tepe tatu begani na firimbi ya shaba shingoni. Tepe alizirudisha alipostaafu mwaka wa 1963. Firimbi hakuirudisha.

Alifunga ndoa na Mama Gaudencia tarehe 18 Agosti 1951, wakajaliwa watoto wawili, mimi na Mbithi. Nilipougua surua nikiwa na miaka sita, alinibeba mgongoni kutoka kambini hadi hospitali ya Nyeri, na kila baada ya hatua chache aliuliza, "Sajini mdogo, uko?" Nami nikajibu, "Niko, afande." Akacheka, akaendelea kutembea. Huyo pia alikuwa baba yangu, na ndiyo maana inaniuma kusoma haya mengine.

Baada ya jeshi alisimamia walinzi wa kiwanda kimoja cha mbao mjini, nasi tukahamia mtaa wa Skuta, hapa Nyeri. Huko alikuta Chama cha Kuzikana. Kilianzishwa na wageni waliokuja Nyeri kikazi, polisi wa Kakamega, walimu wa Bungoma na wafagiaji wa Kitui, watu wasio na ukoo hapa wa kuwachimbia kaburi. Mmoja akifa, wengine walichimba, wakabeba jeneza, wakakaa matangani. Mwenyekiti alikuwa Mzee Shariff, fundi viatu, mtu mpole hata kupita kiasi. Mwaka wa 1966 Sajini aliingia mkutanoni na wenzake wanne wa Keya wakiwa wamevaa makoti ya jeshi, wakasimama mlangoni, kisha akaomba achaguliwe mwenyekiti kwa kura ya kunyoosha mikono. Mikono yote ilinyooka. Mzee Shariff naye alinyoosha wake.

Tuseme kweli, mwanzoni alifanya kazi. Kaburi lilikuwa tayari saa moja asubuhi, pembe zake zimenyooka, na hakuna mgeni aliyesahaulika mochari. Watu walimsifu, naye sifa zikamlevya. Aliagiza kiti chenye mikono. Akaamuru kwamba akipiga firimbi wanachama wote wasimame, wazee na wagonjwa pia. Mwaka wa 1970 alijitangaza Mwenyekiti wa Maisha, akaandika kwa mkono wake kanuni ya kumi na mbili, kwamba aliyetoka chamani, kwa kufukuzwa au kwa kujitoa, hachimbiwi, habebwi, haliliwi. Sijui mtu anaandikaje neno hilo la mwisho.

Mwalimu Kefa Simiyu, katibu wa chama, ndiye aliyenifundisha kusoma. Mwaka wa 1974 aliuliza mkutanoni, kwa adabu zake zote, uchaguzi utakuwa lini. Alifukuzwa hapo hapo. Aprili iliyofuata alikufa kwa homa ya mapafu. Sajini aliweka watu wawili kwenye lango la makaburi, wenye daftari, waandike jina la kila atakayeingia. Basi hakuingia mtu. Mkewe, Mama Benter, alichimba kaburi la mumewe akisaidiwa na binti zake wawili, siku mbili, mvua ikiwanyeshea na udongo ukirudi shimoni. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na moja. Nilisimama nje ya ua huu wa makaburi nikatazama, kisha nikaenda nyumbani nikampikia baba ugali.

Utawala wake uliisha Jumapili tarehe 4 Machi 1979. Alipiga firimbi, na Mzee Shariff, ambaye magoti yalikuwa yamemchosha, akabaki ameketi. Aliyekuwa kando yake akamtazama, akabaki ameketi pia. Sajini alipiga mara ya pili na ya tatu. Ukumbi mzima ulikuwa umeketi, hata wale wanne wa Keya. Alibeba kiti chake begani, akatoka nacho, hakurudi tena.

Alikikalia kiti hicho barazani miaka minne bila mgeni. Mwaka wa 1983 alipooza upande wa kuume, mdomo ukapinda, hata firimbi ikamshinda. Aliaga dunia Jumatano iliyopita, tarehe 14 Novemba 1984, saa tatu asubuhi. Alikuwa amesema azikwe Nyeri, alikoongoza.

Siku hiyo hiyo mimi na Mbithi tulienda kwa chama kuomba wachimbaji. Walitukaribisha, wakatupa chai, wakafungua kitabu cha kanuni wakatuonyesha ya kumi na mbili, mwandiko wa baba. Sajini alijitoa mwenyewe, wakasema, na kanuni haijafutwa. Mmoja akaongeza kwamba mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Jana asubuhi tulikuja hapa na jembe moja na sepetu. Tulimkuta Mama Benter ndani ya shimo, udongo umefika magotini, binti zake wakitoa mawe. Nilianza kumwomba msamaha, akanikatiza.

"Mimi sichimbii baba yako," alisema. "Nachimbia wewe. Niliapa hakuna mwanamke mwingine atachimba hapa peke yake. Shika hiyo jembe, chini kuko na mawe."

Tulichimba hadi saa kumi. Pembe hazikunyooka.

Marehemu ameacha mjane, Mama Gaudencia, watoto wawili, Tryphosa na Mbithi, wajukuu watatu, na kiti kimoja ambacho hakuna anayekitaka. Mungu ampe pumziko ambalo yeye aliwanyima wengine.

Jeneza ni zito, nasi tulio kaburini, pamoja na padri, ni watu saba, na Mama hawezi kuinua. Ninawaona ninyi mliosimama nje ya ua, pale pale niliposimama mimi. Siwalaumu. Lakini lango liko wazi, na leo hakuna anayeandika majina.