Muziki wa Mchina Juu ya Sauti ya Lidwina

Sogeeni, wajukuu zangu. Wewe wa mlangoni vuta kigoda, na huyo anayetafuna muwa autafune baadaye. Nyamazeni kabisa, maana habari hii ina sauti ndogo ndani yake, na mkinipigia kelele itanipotea.

Ulikuwa mwaka ule vyama vingi vimeanza na mitumba imejaa sokoni. Kijiwe chetu kilikuwa Lizaboni, hapa Songea, ubao mmoja juu ya matofali, ubavuni mwa kibanda cha Kajetani fundi redio, tuliyemwita Waya. Mimi nilikaa mwisho wa ubao na jiko langu na birika la kahawa ya Mbinga. Wateja wa kila siku walikuwa Romanus, karani mstaafu wa mizani ya tumbaku, tuliyemwita Spika kwa sababu haongei, anahutubia. Na Polikarp dereva wa lori, jina lake Breki, kwa kuwa mdomo wake hauna. Asubuhi ya habari hii alikuwepo pia Athanasi, mgane wa siku thelathini na nane. Alifuata kaseti yake.

Mkewe Lidwina alipolazwa hospitali ya Mbesa alimwomba nesi amrekodie maneno ya kuwaachia watoto. Athanasi alikuwa hajayasikia. Kwao maneno ya marehemu hufunguliwa siku ya arobaini, watoto wote wameketi, asije mtu akasema fulani alitangulia. Na watoto wawili wale, Remmy na Leticia, walikuwa hawasemezani kwa ajili ya mikorosho ya kijijini Nalasi ambayo mama yao aliachiwa na baba yake. Kila mmoja alisema mama kamwahidi yeye. Kaseti ndiyo ingeamua. Kilidondoka tu kisponji cha ndani kinachobana utepe, ndipo Athanasi akampa Waya airekebishe.

– Iko tayari, Mzee Athanasi, Waya akamwambia. Kunywa kwanza kahawa. Kuna Mchina mmoja wa ujenzi wa barabara kaniletea redio, kasahau kanda ndani. Nimeinakili jana kabla hajaifuata. Sikieni wenyewe!

Akabonyeza. Lo! Gitaa likaunguruma kama mashine ya kusaga iliyokosa mahindi. Ngoma zikafuata, halafu katikati ya fujo ile kikaingia kitu chembamba, kinalia kama zeze lililofiwa. Nyuma yake nyuzi nyingi zikadondoka kama mvua ya kwanza kwenye bati.

– Hilo ni lori la Fiati, akasema Breki. Linapanda mlima Lukumburu na tani kumi. Sikia, kabadili gia!

– Na hicho kinacholia? nikauliza.

– Tanboi, utingo wake. Kaona shimo.

– Hapana, ndugu zangu, Spika akasimama. Hizi ni bendi mbili. Gitaa ni upinzani. Hilo zeze ni chama tawala, linalia kwa sababu limezoea kupiga peke yake. Wamefungiwa chumba kimoja mpaka waelewane.

– Mbona hawaelewani? Breki akauliza.

– Ndiyo maana ya vyama vingi.

– Hesabuni basi, akasema Waya. Moja, mbili, mpaka saba, wanaanza upya. Saba! Ngoma yetu ya lizombe kwa mapigo hayo utaichezaje, Bibi Otilia? Mguu mmoja unabaki hewani.

– Mimi huu mguu nimeuweka chini tangu Uhuru, nikamjibu. Shusha sauti, kahawa inatetemeka.

Kile chembamba kikalia tena, mara hii peke yake. Breki akainama.

– Jamani, hicho si chombo. Wachina wana mtambo wa kunasa vilio makaburini. Hapo ni mtu. Mwanamke. Sikilizeni anavyovuta pumzi!

– Breki, koma, nikasema, maana Athanasi alikuwa ameweka kikombe chini.

Hakumtazama Breki. Alitazama kidirisha cha redio, kanda inavyozunguka.

– Waya. Kanda hiyo ina msalaba.

– Msalaba gani, mzee?

– Mwekundu. Wa rangi ya kucha. Nesi alinipakia alama isije ikapotea.

Waya akalivuta kopo la Kimbo analowekea kanda, akalimwaga mezani. Ikatoka kanda moja, tupu, mpya, haina hata mkwaruzo. Ndiyo aliyokusudia kunakilia muziki.

– Lakini hii vijino vyake vilikuwa vimevunjwa, akasema.

– Vilivunjwa isifutwe! Athanasi akasema.

– Mimi nikikuta kanda imevunjwa vijino naziba kwa karatasi ili irekodi. Kila siku naziba. Mkono umezoea, mzee wangu, mkono tu.

Breki akarukia redio kuizima. Athanasi akamshika kifundo cha mkono.

– Iache.

– Muziki wa Mchina ni mfupi kuliko kanda, Waya akasema. Huenda mwishoni nimebakiza.

– Peleka mbele, basi!

– Umeme hakuna, na mawe ya redio yamechoka. Nikiikimbiza itaitafuna yote.

Basi tukakaa. Gitaa lilinguruma, nyuzi zikanyesha, zeze likalia, na mawe yalivyozidi kuchoka ndivyo lilivyozidi kulia kwa sauti nzito ya mtu mzima. Athanasi mikono magotini. Katikati ya hayo akatokea Leticia na begi, ameshuka basi la Tunduru kwa ajili ya arobaini.

– Shikamooni.

Nikamwashiria redio. Akaangalia nyuso zetu, akakaa juu ya begi lake.

Muziki ukakatika. Kah! Halafu, polepole, sauti ambayo wote tuliijua sokoni:

“…basi, huyo naye asinung’unike. Cherehani ni ya Remmy, ajifunze kushona, si aibu. Kikombe changu cha bluu, Leticia. Athanasi, lile sweta la kijani ulivae, usilifungie sandukuni, Songea ina baridi. Nesi, inatosha. Zima.”

Ikabaki mvumo. Leticia alikuwa amefunga mdomo kwa khanga. Alipoitoa aliuliza kwa upole tu:

– Na mikorosho, baba? Mikorosho kampa nani?

Breki siku hiyo alipata breki. Waya alipiga magoti pale pale vumbini, mbele ya Athanasi, na Athanasi akamwinua.

– Keshokutwa utaleta redio nyumbani, na mawe mapya. Tutaisikiliza wote, toka mwanzo.

– Na ule muziki?

– Utaukatia wapi?

Remmy alichukua cherehani, akawa fundi nguo wa kutajwa. Leticia alichukua kikombe. Mikorosho ikakosa mwenyewe, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuapa “huyo” alikuwa nani. Mwaka mmoja akavuna Remmy, mwaka wa pili Leticia, na kwa kuulizana salfa ya kupulizia mikorosho imebaki kiasi gani, wakajikuta wanasemezana. Waya hakuziba tena vijino vya kanda ya mtu. Athanasi alilivaa sweta mpaka viwiko vikatoboka, akabaki na kaseti. Hakuikimbiza hata siku moja. Alikaa na muziki ule wote, mguu ukihesabu saba, mpaka afike kwa mkewe. Alipofariki, Leticia akairithi, na karatasi za Waya bado zimo.

Mimi sikuachiwa kitu, sikuwa ndugu. Ila zeze lile likinilia kichwani nikiwa jikoni, huwa naweka mwiko chini, nanyamaza. Najua Lidwina anakaribia kusema.